Lakshmi si Mamba Muntu

Mama mdogo wangu alifanya kazi ya usafi kwa miaka sita katika duka la mfanyabiashara mmoja Mhindi mjini Likasi. Ukutani, juu ya meza ya kulipia, palikuwa na kalenda. Kila mwaka kalenda ilibadilishwa, lakini picha ilikuwa ileile: mwanamke mwenye mikono minne, amevaa nguo nyekundu, ameketi juu ya ua katikati ya maji. Nyuma yake ndovu wawili wanammwagia maji, na kutoka katika kiganja chake kimoja sarafu za dhahabu zinadondoka. Mama mdogo aliipangusa vumbi kila asubuhi. Hakuuliza huyo ni nani, na mwenye duka hakumweleza.

Mtoto wake wa mwisho alipofariki kwa malaria, akiwa na miaka minne, maneno yalianza hata kabla ya kilio kwisha. Habari za Likasi hazikawii kufika kwetu Kakanda. "Ule Muhindi iko na mamba muntu mu duka. Njo inamuletea feza. Na mamba muntu inaomba batu." Wengine waliongeza kwamba mama mdogo alikuwa amekwisha kulipwa. Mumewe alisikiliza maneno hayo. Katika kanisa walimosali, aliitwa mbele ya watu kwa maombi ya kufunguliwa, akaulizwa alimuuza mtoto kwa bei gani. Aliacha kazi, kisha akaacha mji. Leo anauza maharagwe Kakanda, na bado zipo nyumba ambazo hathubutu kubisha hodi.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuja kumjua yule mwanamke wa kalenda nikiwa hapa kitivoni, katika zoezi la kutafsiri kutoka Kifaransa hadi Kiswahili. Tulipewa kurasa chache kuhusu dini za Asia. Palikuwa na jina Lakshmi, "déesse de la fortune, parèdre de Vishnu". Mwenzetu aliyesoma tafsiri yake kwa sauti alisema: "Lakshmi, mungu-mke wa utajiri, mke wa mungu Vishnu." Kabla hajafika kwenye nukta, sauti kutoka nyuma ya chumba ilisema: "Mamba muntu!" Chumba kizima kikacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia kicheko hicho kikigeuka kuwa hukumu.

Maoni yangu ni kwamba tafsiri ile haikuwa na kosa la sarufi hata moja, na bado ilikuwa tafsiri mbaya. Ilikuwa mbaya kwa sababu kila neno lake lilimsogeza msikilizaji karibu na mamba muntu na kumweka mbali na Lakshmi. Sisi tunaosoma lugha hatuna kazi ya kuamua kama Wahindu wanaabudu sawasawa au vibaya. Waumini na wanateolojia watajadiliana. Kazi yetu ni kuangalia maneno tunayowapa watu, kwa kuwa ndiyo watakayohukumu nayo.

Kwanza nikiri kwamba anayechanganya picha hizi mbili si mjinga. Zimekuwa jirani kwa muda mrefu. Mamba muntu wetu, ambaye jina lake lina mamba ingawa wachoraji humpa mkia wa samaki, ni yule anayeitwa Mami Wata huko Afrika Magharibi na Kinshasa. Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliandika pamoja na Ilona Szombati-Fabian juu ya michoro iliyotundikwa sebuleni mwa watu wa miji ya shaba, na mamba muntu alikuwa mmoja wa wanaopendwa zaidi: ngozi nyeupe, nywele ndefu, nyoka begani, saa mkononi. Hadithi yake tunaijua sote. Mwanamume anaokota kitana chake au unywele wake ukingoni mwa mto. Usiku mwenyewe anakuja ndotoni kukidai, na mwanamume anaomba mali. Anaipata, lakini kwa masharti: anyamaze, asiwe na mwanamke mwingine, na mara nyingi ndugu mmoja wa damu apotee.

Ile sura ya mwanamke mwenye nyoka imesafiri kuliko wengi wetu. Mwanahistoria wa sanaa Henry John Drewal ameifuatilia mpaka kwenye picha iliyochapwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880, ikimwonyesha mwanamke mcheza na nyoka. Picha hiyo ilienea Afrika Magharibi, watu wakamwona Mami Wata ndani yake. Mwaka 1955 kampuni ya kalenda ya Bombay, Shree Ram, iliichapa upya kwa ajili ya soko la Afrika Magharibi. Pamoja na picha za namna hiyo zikaja na za miungu ya Kihindu zenyewe. Huko Togo waabudu wa Mami Wata wakaziweka katika madhabahu yao, Lakshmi akiwa mmojawapo. Na Dattatreya, ambaye kwa Wahindu anaunganisha Brahma, Vishnu na Shiva katika mwili mmoja wenye vichwa vitatu, akapewa jina la Densu, na akafanywa mwenzi wa Mami Wata. Waliona mwanamke wa maji, wakamtafutia mume katika picha zilizokuwa mbele yao.

Basi mama mmoja wa Likasi anapoona kwenye kalenda mwanamke wa maji anayemwaga pesa, akasema "mamba muntu", anasoma kwa alfabeti aliyo nayo. Simlaumu. Ninawalaumu wale waliopewa alfabeti ya pili wakaacha kuitumia, yaani sisi.

Lakshmi ni nani, basi? Katika masimulizi ya Kihindu, miungu na mahasimu wao walisukasuka bahari ya maziwa ili wapate kinywaji cha kutokufa. Vishnu mwenyewe alijigeuza kobe, akawa kitako cha mlima uliotumiwa kama mti wa kusukia. Kutoka katika bahari hiyo vilitoka vitu vingi, chema na kibaya, na Lakshmi akatoka akiwa juu ya ua la yungiyungi. Wote walimtaka. Yeye akawatazama, akamchagua Vishnu, akamvika shada la maua shingoni.

Tangu hapo hawaachani. Vishnu hushuka duniani kila haki inapolegea, na kila anaposhuka yeye hushuka pamoja naye. Akiwa Rama, Lakshmi ni Sita, mtoto aliyeokotwa na mfalme Janaka katika mfuo wa jembe, na ambaye jina lake maana yake ni mfuo huo. Akiwa Krishna, yeye ni Rukmini. Akiwa Parashurama mwenye shoka, yeye ni Dharani, ardhi. Na hata anapokuwa peke yake, ana sura nyingi. Wengi huhesabu nane: ya mali, ya nafaka, ya watoto, ya ushindi, ya elimu, ya ujasiri, ile ya ndovu na ile ya mwanzo. Kwa hiyo "Lakshmi wa utajiri" ni sura moja kati ya nane. Tunapomwita "mungu wa utajiri" tukaishia hapo, ni sawa na kumwita baba yako "mlipa karo". Si uongo, lakini si baba.

Jozi nyingine ziko vivyo hivyo. Shiva alikuwa na Sati. Sati alipojiteketeza kwa uchungu, alizaliwa tena kama Parvati, binti wa mlima Himalaya, na huyo Parvati alijinyima na kutafakari miaka mingi mpaka Shiva akamkubali. Kwa wengi, Durga anayempiga vitani hasimu mwenye umbo la nyati, na Kali mweusi mwenye ulimi nje, ni sura za yeye huyohuyo. Brahma ana Sarasvati, mlezi wa elimu na muziki, ambaye amehusishwa na Vach, Usemi wenyewe. Wanafunzi wa isimu tungepaswa kumjua huyo kabla ya wengine wote.

Na kwa nini kila mmoja awe na mwenzi? Wengi hujibu kwa neno shakti, yaani nguvu. Katika Kisanskriti ni neno la jinsia ya kike. Mungu bila shakti yake hatendi. Wana mzaha wa kisarufi ambao ungependeza katika darasa lolote la fonolojia: toa irabu "i" katika jina Shiva, utabaki na shava, yaani maiti. Ipo hata sanamu ya Shiva ambaye upande wa kulia ni mwanamume na wa kushoto ni Parvati, mwili mmoja. Na ukifika Zanzibar, katika mtaa wa Hurumzi, jina la hekalu lenyewe ni jozi: Shiv Shakti.

Sasa turudi kwenye tafsiri ya darasani. Nitachukua maneno matatu.

La kwanza ni "miungu". Angalieni sarufi yake. Mungu, kwa umoja, huchukua upatanisho wa mtu: Mungu anapenda, Mungu ameumba. Kwa wingi huchukua kiambishi mi-, kile cha miti, mito na mizigo. Hilo peke yake halina neno, kwa kuwa mtume naye kwa wingi ni mitume. Lakini sikilizeni upatanisho. Tunasema "mitume wengine", kama watu. Tunasema "miungu mingine", kama miti. Kiambishi ni kilekile, lakini mitume wamebaki na nafsi na miungu imenyang'anywa. Sarufi haikutulazimisha. Ni karne za mahubiri dhidi ya sanamu ambazo zimetufundisha kwamba Mungu akiwa mmoja ni nafsi, na wakiwa wengi ni vitu. Kiswahili chetu cha Katanga, kinachopenda ba- kwa kila chenye uhai, nimekisikia kikisema "bamungu", na kwa hilo kina adabu kuliko kile cha vitabuni. Kwa hiyo mtu akisema "miungu ya Wahindi", amekwisha kutoa hukumu kabla ya kufika kwenye kitenzi.

La pili ni "mke". Kifaransa kilisema parèdre, neno la Kigiriki lenye maana ya anayeketi kando. Sisi tukasema mke, na mke huja na kitenzi chake. Kwa Kiswahili mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa. Mmoja ni mtenda, mwingine ni mtendwa. Jaribuni kusimulia ile habari ya bahari ya maziwa kwa vitenzi hivyo. Lakshmi ndiye aliyechagua, ndiye aliyevika shada. Vishnu alisimama tu. Lakini ukiandika "Lakshmi alimwoa Vishnu", msahihishaji atachora mstari mwekundu, na ukiandika "Lakshmi aliolewa na Vishnu", umebadilisha kisa. Parvati naye alimtafuta Shiva kwa kujinyima. Lugha yetu ina neno bora ambalo halina mtenda wala mtendwa: mwenzi. Lipo na linaeleweka kwa kila mtu, ila hatulitumii.

La tatu ni "mungu-mke", ambalo wengine huandika "mungu wa kike". Kifaransa kinalazimika kuchagua kati ya dieu na déesse kwa sababu nomino zake zote ni za kike au za kiume. Kiswahili hakilazimiki. "Yeye" ni yeye, na "a-" ya kitenzi haina ndevu wala hereni. Kwa Kiswahili tungeweza kusimulia sura ya Shiva na Parvati katika mwili mmoja bila kujikwaa kwenye kiwakilishi hata kimoja, jambo ambalo Mfaransa hawezi. Tunayo zana inayolingana na kazi hii, halafu tunaitupa na kuazima nyundo ya Kifaransa.

Kuna atakayeuliza: kama si kwa maneno hayo, watu wa Kakanda wataelewaje kwamba mmoja anaweza kuwa wengi, na kwamba mwanamume na mwanamke wanaweza kuwa mmoja? Jibu langu ni kwamba wanaelewa tayari.

Mimi nina jina la baba mzazi wa mama yangu. Kwa sababu hiyo mama, anaponionea huruma, huniita "baba". Bibi, aliyekuwa mke wa mzee huyo, huniita "mume wangu", na nilipokuwa mdogo alinidai kuni na nyama mbele ya wageni mpaka nikalia. Kwa mwalimu mimi ni mwanafunzi. Basi ndani ya uwanja mmoja mimi ni mwana, ni baba na ni mume, kutegemea anayeniita. Hakuna jirani aliyewahi kuhesabu akasema nyumba yetu ina wanaume watatu zaidi. Na bibi anaponiita mume hasemi uongo, wala hasemi kwamba marehemu amefufuka. Anasema kuna kitu kilichoshuka kutoka kwa mzee hadi kwangu, na kwamba yeye bado ni mwenzi wa kitu hicho.

Kwa Waluba jambo hili lilifika mpaka kwenye kiti cha ufalme. Mfalme alipofariki, roho yake ilikaa katika mwanamke aliyeitwa mwadi. Mwadi alirithi alama za enzi za mfalme, vyeo vyake na makao yake, na watu walimheshimu kama mfalme huyo. Mfalme alikuwa mwanamume, na sasa sura yake ni mwanamke. Mji wa roho yake, kitenta, uliendelea. Mjukuu wa watu waliomsujudia mwadi hawezi kusema kwamba Vishnu na Lakshmi ni fumbo lisiloelezeka kwa Mwafrika.

Hapa lazima nionye, kwa kuwa najua hoja kama hii huteleza wapi. Sisemi kwamba Waluba walitoka Uhindi, wala Wahindu walitoka kwetu. Nimewahi kuambiwa, tena na mtu aliyesoma, kwamba Vidye, jina la Mungu na la roho kwa Kiluba, ni vidya ya Kisanskriti, yaani elimu. Linavutia masikio, lakini halina msingi. Vidye ana ndugu zake hapahapa, kama Mvidi wa Ciluba, na ndugu wa karibu ndio wanaoulizwa kwanza. Kama kufanana kwa sauti kungetosha, basi Dhanalakshmi, Lakshmi wa mali, angekuwa "Lakshmi wa wazo", kwa kuwa dhana yetu ni wazo na dhana yao ni mali. Na neno letu "sura", lililotoka Kiarabu, lingekuwa sawa na sura ya Kisanskriti, ambayo ni jina la miungu wa nuru. Ni bahati tu ya sauti.

Maneno yaliyovuka bahari kweli tunayajua, na karibu yote ni ya sokoni na njiani: gari, laki, bima, chapati, na ile pesa yenyewe inayodondoka katika kiganja cha Lakshmi. Kwa mamia ya miaka watu wa pwani walifanya biashara na Wahindi, wakachukua maneno ya dukani na kuacha ya hekaluni. Si ajabu kwamba mpaka leo Kiswahili kina neno la kuhesabu mali ya Mhindi na hakina neno la kueleza sala yake. Pengo hilo ndilo mamba muntu anaingia kulijaza.

Nimekutana na pingamizi tatu, na zote nazipa heshima.

Kuna wanaosema "miungu" ni neno lililozoeleka, na lugha ni mazoea. Ni kweli, na sipendekezi kulipiga marufuku. Mhindu mwenyewe wa Nairobi au wa mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, akiongea Kiswahili huenda akalitumia. Ninachoomba ni upatanisho: "miungu wengine", kama "mitume wengine". Ni silabi moja, nayo inarudisha nafsi.

Wengine watasema natengeneza Uhindu mlaini, wenye Mungu mmoja, ili upendeze kwa Wakristo. Hofu hiyo ni ya haki. Wako Wahindu wanaofundisha kwamba sura zote ni za mmoja, wako wanaosema Vishnu ndiye mkuu na wengine ni chini yake, wako wanaosema hivyo juu ya Shiva, na wako wanaomweka Devi, Mama, juu ya wote. Mtafsiri hana ruhusa ya kuwapatanisha. Ndiyo sababu napenda kubaki na majina yao: andika Lakshmi, kisha sema wanaomwomba wanasema nini juu yake. Jina halibishani na mtu.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote, nalo lilitoka kwa mama yangu. Nilipomweleza haya yote alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Na kama ungeyasema siku ile, wangeacha?" Sijui kama wangeacha. Aliyefiwa hutafuta mkosaji, na maskini akimwona tajiri aliye mgeni hutafuta sababu. Mji unaochimba shaba na kobalti na kubaki bila maji safi ya bomba una haki ya kuuliza utajiri unatoka wapi na unaenda wapi. Mamba muntu ni swali hilo limevikwa mkia wa samaki. Ubaya ni kwamba jibu lilimwangukia mwanamke mfagiaji, ambaye katika mali ile hakuwa na fungu zaidi ya mshahara wake mdogo.

Ila najua hili. Siku ile palikuwa na watu wachache waliotaka kumtetea, nami niliwaona. Walikosa maneno. Mmoja alisema, "Ile ni mungu ya Bahindi tu," akidhani anamsaidia, na mwenye hasira akajibu, "Sasa unaona? Wewe mwenyewe unasema." Kwa maneno waliyokuwa nayo, utetezi na mashtaka vilikuwa sentensi moja. Kama angekuwepo wa kusema, "Yule ni Lakshmi, Wahindu humwomba baraka ya nyumba, ya mavuno na ya watoto, na hamdai mtu damu," pengine asingesikilizwa. Lakini ingekuwa sentensi nyingine, na mama mdogo angekuwa na kitu cha kushika.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kitivo ni dogo, na linaweza kuanza muhula huu. Tunapotafsiri habari za dini ya watu wengine, tubaki na jina lao. Kwa umbo ambalo mungu hulivaa tutumie "sura". Kwa avatara, ambalo kwa asili yake ni kushuka, tutumie "mshuko". Kwa anayeketi kando tutumie "mwenzi", na "mke" tulitumie pale ambapo kisa chenyewe kinasimulia ndoa, tukichunguza nani alimchagua nani. Badala ya "mungu wa" hiki au kile, tutumie kitenzi: wanaomwamini humwomba nini. Na tuanze daftari la istilahi la wanafunzi, ukurasa mmoja kwa kila neno, Kiswahili sanifu upande mmoja na Kiswahili cha Katanga upande wa pili, ili kazi isiishie kwenye rafu za kitivo bali imfikie muuza maharagwe.

Likizo iliyopita nilikaa na mama mdogo mbele ya meza yake sokoni Kakanda. Nilimweleza yule mwanamke wa kalenda ni nani. Nilitumia Kiswahili cha nyumbani, na nilipofika kwenye Sita na Rukmini nilimkumbusha jinsi bibi anavyoniita mume. Alicheka, mara ya kwanza kwa habari hiyo. Kisha akauliza swali moja tu: "Kumbe alikuwa na mume? Siku zote nilidhani yuko pale peke yake." Akapima maharagwe ya mteja, akafunga mfuko, akaongeza kama anayejisemea: "Na jina lake ni Lakshmi." Miaka sita alimpangusa vumbi. Jina hilo alistahili kupewa siku ya kwanza.